Leo Mmekula kwa Nani?

Kama ulitaka kumuudhi fundi wetu, ilitosha kumwambia kwamba unga ni unga tu. Angesimamisha cherehani, angeisukuma miwani juu ya paji la uso, na wewe uliyekuja kuchukua sketi yako ungejikuta umeketishwa kwenye benchi ukielezwa udaga, ule unga wa mihogo, wa Kiriba unavyotofautiana na wa upande wa Bunda, mama yupi anawahi kuanika na yupi ni mvivu wa kuchekecha. Sketi ungeikumbuka ukiwa umeshafika nyumbani.

Sitamtaja jina, na wala sisi wenyewe hatukuwa tukimwita jina. Watoto walimwita Fundi, wanawake wa mtaani Fundi, shehe wa msikiti wake Fundi, na padre akipita kuchukua suruali iliyopunguzwa kiuno naye alisema Fundi. Mafundi cherehani wako wengi Musoma, lakini ukimwambia bodaboda akupeleke kwa Fundi bila kuongeza neno, alikushusha pale pale, mtaa wa pili kutoka sokoni, kwenye baraza yenye benchi refu na misumari mingi ukutani. Ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Hapa hapa kwenye cherehani," akaendelea kukanyaga.

Salamu yake ilikuwa na nyongeza. Ukishaitikia salamu yake, au ukishampa shikamoo akakuitikia marahaba, hakukuuliza habari za nyumbani wala za kazi. Aliuliza, "Leo mmekula kwa nani?"

Mara ya kwanza nilidhani ananiuliza kama tulialikwa mahali. Nilikuwa mgeni mjini, nimehamishiwa ofisi moja ya serikali kutoka Butiama, nina mume, watoto na sanduku la vitambaa ambavyo havijashonwa. Nikamjibu kwamba tumekula nyumbani kwetu.

"Najua mmekula kwenu. Chakula chenyewe kimetoka kwa nani?"

"Sokoni, baba."

"Soko halilimi, mwanangu. Nakuuliza kwa nani."

Kilichoniuma ni kwamba mimi ni mtoto wa mkulima. Mama yangu analima Butiama mpaka leo. Nilikuwa nimekaa mjini muda mfupi tu na tayari sikujua ugali wangu ulitoka kwa mtu gani. Fundi aliniangalia nilivyogwaya, akacheka, akachukua utepe wake na kunipima mabega.

Mambo ya mifuko yalianza mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Mtakumbuka siku zile watu walivyokuwa wakitoka sokoni na nyanya ndani ya kofia, dagaa ndani ya khanga. Fundi aliinama chini ya meza yake, akakusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki, akaanza kushona mifuko. Lakini hakushona mifuko ya kuuza. Kila nyumba aliishonea mfuko kwa kitambaa kilichobaki kwenye nguo ya nyumba hiyo hiyo. Wetu ulikuwa wa kitenge cha bluu chenye ndege weupe, mabaki ya gauni la kipaimara la binti yangu Pendo. Asubuhi mkulima aliuchukua barazani mtupu, au na sabuni ya zawadi ndani, akaurudisha umejaa, ukaning'inizwa kwenye msumari wake mpaka mwenyewe apite jioni. Haukupotea kwa sababu hakuna nyumba mbili zilizokuwa na kitambaa kimoja.

Hapo ndipo utaona pia ujanja wake. Bila kushona nguo kwake, huna mabaki. Bila mabaki, huna mfuko. Na bila mfuko, unga wa Kiriba utausikia kwa majirani tu. Nilimwambia siku moja kwamba ameifanya njaa yetu kuwa biashara ya magauni. Akasema, "Sasa ulitaka uvae gunia ule vizuri?" Sare za harusi, zile ambazo ukoo mzima unavaa kitenge kimoja, alizishona kwa moyo mzito, na mabaki yake aliyagawa kwa watoto watengeneze mipira.

Wakulima na wavuvi walizijua nyumba zetu kwa vitambaa. Hii ya maua ya njano ina mzee mwenye sukari, wawekee mtama. Hii ya mistari mume hapendi viazi, lakini mke anavipenda, kwa hiyo weka na usiulize. Haya yote Fundi aliyasema kwa mdomo, asubuhi, mifuko ikiwa mapajani pake. Kwa samaki aliona kitambaa hakifai, akakata gunia la salfeti na kushonea juu yake kiraka cha nyumba. Mvuvi wa Mugango aliyetuletea sato, na furu kwa sisi tunaojua utamu wa furu, hakuruhusiwa hata kuikaribia baraza. Fundi aliogopa magauni ya bibi harusi yatanuka. Basi yule mwanaume alisimama ng'ambo ya barabara na mazungumzo yao yote mtaa uliyasikia.

"Leo ziwa limekuwaje?"

"Limechafuka, Fundi! Nimepata furu tu!"

"Furu wa Mama Pendo hao! Anakulaga mpaka vichwa!"

Nikiwa ofisini, watu walinitania kwa vichwa vya furu bila mimi kujua wamezipata wapi habari hizo.

Malipo ya kazi hii hakutaka. Alitaka kionjo. Kila kilichopita barazani alionja: kipande cha muhogo, funda la maziwa mgando, punje za karanga, unga mbichi alioubana kwa vidole viwili na kuuweka ulimini akiwa amefumba macho. Kisha alitoa hukumu, na hukumu zake hazikuwa na rufaa. Kumbe nyumbani kwake kabatini kulijaa biskuti za dukani. Chai aliinywa ya sukari tupu, na mkate aliupenda ule mweupe laini wa kiwandani, ambao mbele ya wateja aliuita pamba. Nilimkuta nao mara moja, mdomo umejaa. Hakuona aibu. Alisema mgonjwa wa jino anaruhusiwa.

Na mtu huyu aliyetuhubiria mashamba alikuwa hajawahi kukanyaga shamba la hata mkulima mmoja. Ng'ombe aliwaogopa. Kuku aliwaheshimu kwa mbali. Mama yangu alipotuma jogoo kutoka Butiama, Fundi alishikilia aje mzima ili amchinje mwenyewe na kila nyumba ya mtaani iweze kula bila wasiwasi. Jogoo alikata kamba, akaruka juu ya cherehani, akapita juu ya kanzu nyeupe ya mteja na kuacha alichoacha. Fundi alikuwa amepanda juu ya benchi, amekunja kanzu yake mpaka magotini, anaita watu. Mtaa ulikula jogoo huyo zaidi kwa kicheko kuliko kwa mchuzi.

Nilichelewa kuona kitu kingine, labda kwa sababu nilimpenda. Miaka yote hiyo niliyokula unga wa Kiriba, sikuwa nimemwona mama aliyeutengeneza. Nilijua anaitwa Mama Magesa na kwamba anavundika mihogo yake vizuri, na habari zote hizo alinipa Fundi. Yeye naye alinijua mimi kwa habari za Fundi. Akija asubuhi, mimi niko kazini. Nikipita jioni, ameshaondoka. Nilipoomba namba yake ya simu ili nimshukuru kwa boga alilotuongezea, Fundi alishughulika ghafla na uzi ulioingia mahali pasipotakiwa.

"Namba ya nini, na mimi nipo?"

Alikuwa amefiwa na mkewe zamani. Binti yake pekee aliolewa Bunda. Nguo za kushona zilikuwa zinapungua, watu wananunua mitumba na nguo zilizokuja tayari, na siku zingine cherehani ilikaa kimya mpaka adhuhuri. Mifuko ndiyo iliyolijaza benchi lile. Alichoogopa, na alikiogopa kuliko ng'ombe, ni siku ambayo anayelima na anayekula watajuana wenyewe na kumpita. Nilipolielewa hilo nilimwonea huruma, na pia nilimkasirikia kidogo.

Kwa wasiojua mihogo ya kwetu, niseme jambo moja. Mihogo mingi ya ukanda wa ziwa ni michungu, na ina sumu. Inamenywa, inalundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa mpaka iote ukungu na kulainika. Huko ndiko kuvundika. Kisha ukungu unakwanguliwa, mihogo inapondwa na kuanikwa, na Kiriba wanaianika juu ya majabali yaliyofagiliwa, maana majabali wanayo ya kutosha. Unga wake hauwi mweupe pe. Una rangi ya majivu, una harufu yake, na kwa aliyezaliwa nao hakuna ugali mwingine.

Basi mwaka mmoja sisi wateja tulianza kunung'unika. Unga ulikuwa na mchanga. Si mwingi, lakini ukitafuna unausikia kwenye meno, na pamoja na weusi wake, baadhi ya watu walianza kuutilia shaka. Tulimwambia Fundi amwambie Mama Magesa kuhusu mchanga. Tulilisema wazi, barazani, mimi nikiwepo.

Sasa Fundi alikuwa na tabia moja. Neno baya hakulifikisha lilivyo. Alilikata, akalipunguza, akalipiga pasi, ndipo akalitoa. Alimpenda yule mama na hakutaka ajione mchafu. Kwa hiyo mchanga aliuacha barazani. Asubuhi Mama Magesa alipokuja, Fundi alimwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Mwanangu, watu wangu wa mjini siku hizi wanapenda mweupe."

Mama Magesa akawapa mweupe. Alijua weusi unaletwa na ukungu, akapunguza siku za kuvundika, akaianika mihogo ikiwa bado migumu na kuamini jua kali litamalizia kazi. Unga ulikuja mzuri wa kutamanisha. Tuliupokea kwa shangwe. Fundi alibana kidogo kwa vidole viwili, akafumba macho, na hata yeye alisifu.

Jioni hiyo mume wangu aliinuka mezani akashika ukuta. Pendo alitapika. Mimi kichwa kiliniuma na miguu ikawa si yangu. Hospitali tulikutana na jirani wa maua ya njano na mzee wake, ambaye siku hiyo aliuacha mtama, na jirani wa mistari na mumewe, na muuguzi alipotuuliza tumekula nini, tuliangaliana. Tulikuwa tumelewa mihogo. Namshukuru Mungu hakuna aliyebaki huko. Kesho yake wote tulikuwa nyumbani, dhaifu lakini wazima.

Kila nyumba ilirudisha mfuko wake kwenye msumari, mtupu, na hakuna aliyerudi kuuchukua. Mama Magesa alifika na mzigo, akaikuta mifuko ukutani, akaambiwa watu wameugua. Alirudi nao mzigo wote Kiriba. Nilisikia kwamba kule walikuwa wamepanda mihogo zaidi kwa ajili yetu, na kwamba watoto wake walikuwa wakisoma kwa fedha za mifuko ile. Nilisikia pia watu wa mjini wakimwita mchawi, na nilinyamaza, kwa sababu mwanangu alikuwa ametapika mbele yangu na hasira ilikuwa bado haijanitoka.

Fundi kwanza alimtetea. Kisha alifunga mlango, akasema anaumwa jino. Kisha, jioni moja, alibisha hodi kwangu. Hakuwahi kuja kwangu kabla ya hapo. Sisi ndio tulikuwa tukimwendea. Alikuwa amevaa koti la kijivu ambalo alilivaa Idi tu, na jasho lilikuwa linamtoka.

"Mwanangu, Jumapili mkitoka kanisani twende Kiriba. Nimeshakodi gari, Noa."

"Wewe, Fundi? Kwenye ng'ombe?"

"Nitajikaza."

Tulikwenda, sisi wa nyumba tatu tuliougua. Njia nzima Fundi hakuonja wala hakuhukumu kitu. Tulipofika, alitoka mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nimemchora kichwani kama bibi mnene. Aliuangalia mfuko wa bluu wenye ndege, niliouchukua tena msumarini asubuhi ile, akaangalia uso wangu.

"Kumbe ndio wewe Mama Ndege," akasema.

Tulikaribishwa jikoni, na hapo mambo yakaharibika zaidi. Kwenye kona kulikuwa na nyungo mbili za unga. Mmoja ulikuwa mweupe, kama ule uliotuangusha. Mwingine ulikuwa wa kijivu, wa siku zote. Jirani wa mistari aliuona kabla yetu.

"Heee! Kumbe mzuri mmejibakizia wenyewe! Sisi mnatupa sumu!"

Mama Magesa alimgeukia taratibu. Sauti yake haikupanda.

"Mlisema hamuutaki, dada. Mlisema mnataka mweupe. Huu mweusi tunakulaga sisi na watoto, ndio umebaki. Nilikuwaga nawachagulia mihogo iliyonyooka, ile mibaya ndio nawapikia hawa wangu. Mimi niwape sumu? Nimpe sumu Mama Ndege anayeniletea sabuni ndani ya mfuko?"

"Nani amesema tunataka mweupe?" nikauliza. "Sisi tulisema mchanga."

"Mchanga gani?"

Tuligeuka wote, mmoja baada ya mwingine, tukamtazama Fundi. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kwa sababu nje kulikuwa na ndama. Alivua kofia yake. Sikuwahi kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo na chenye mvi chache.

"Ni mimi," akasema. "Wao walisema mchanga. Mimi nikaona neno mchanga litakuumiza, nikasema mweupe. Nimekata vibaya."

Mama Magesa alikaa chini kwenye kigoda. Nilidhani atalia. Badala yake alianza kucheka, kicheko kile kinachokuja mtu akiwa amechoka kabisa, huku akijifuta macho kwa pindo la khanga.

"Mchanga, baba? Si ungeniambia mchanga! Jabali langu limemomonyoka pale pembeni, najua. Ningeanika kwenye turubai. Mchanga ni kitu cha kuogopa kuniambia?"

Alisonga ugali wa unga wa kijivu, na mboga ilikuwa mgagani na dagaa. Ulipowekwa katikati, mikono yetu ilisita. Alituona. Alimega yeye kwanza, akala, akamlisha na mtoto wake wa mwisho, kisha akatungoja. Mimi nilimega. Nilikuwa na hofu, nasema kweli. Lakini ulikuwa ugali wangu ule ule wa siku zote, na jirani wa mistari ndiye aliyekomba sahani.

Baada ya kula tulitoka kuangalia jabali. Tulikubaliana tutachanga tumnunulie turubai, na yeye alituonyesha muhogo uliovundikwa ukaiva unavyovunjika kwa vidole, ili na sisi tujue cha kuuliza. Kisha jirani wa maua ya njano akatoa simu, akamwomba namba. Nikatoa na mimi. Mama Magesa alitaja tarakimu moja moja, akatupigia kuhakikisha, simu zikawa zinaita kati ya yale majabali. Nilimwangalia Fundi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi, anatutazama. Alijua kinachotendeka. Aliponiona namwangalia, alivaa kofia yake na kuuliza kama kuna anayeweza kumtoa ndama barabarani ili afike kwenye gari.

Kama alivyoogopa, ndivyo ilivyokuwa. Haikutokea kwa siku moja. Mwanzo tulimpigia Mama Magesa simu kuuliza tu hali, mzigo ukaendelea kupita barazani. Kisha siku moja mvua ilinyesha, bodaboda wa Kiriba akaona ni karibu zaidi kuufikisha mlangoni kwangu. Kisha akaizoea njia. Mvuvi wa Mugango alianza kututumia ujumbe wa sauti asubuhi, akitueleza alichopata. Siku hizi nikishuka bandarini Mwigobero kupokea mzigo wa ofisi, yeye hunitambua kwa mbali na kuniita kwa vichwa vya furu. Mama yangu Butiama na Mama Magesa walifahamiana, wakabadilishana mbegu za maharage na pingili za mihogo bila hata kuniuliza. Pendo likizo anakwenda Kiriba, anarudi na mikono inayonuka udaga, anajivuna.

Misumari ya barazani ikabaki wazi. Tuliendelea kumpitia Fundi, kumsalimu, kumpa kionjo, lakini kumsalimu mtu na kumhitaji ni vitu viwili, na yeye aliujua mshono wa kweli na wa kushikiza. Kisha macho yakaanza kufifia. Alinishonea blauzi ambayo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, nikaivaa kanisani hivyo hivyo. Mwishoni binti yake alikuja, akamchukua baba na cherehani yake, akampeleka Bunda.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Mama Magesa alinipigia.

"Mama Ndege, hivi mzee wetu anakulaga nini huko?"

Tulisafiri pamoja. Tulimkuta uani kwa binti yake, juu ya mkeka, amekonda, macho yana ukungu mweupe. Alitutambua kwa shikamoo zetu kabla hatujakaa. Aliuliza habari za Pendo, za jirani wa mistari, za ndama wa Kiriba, ambaye sasa ni ng'ombe mkubwa na bado alimwita adui. Kisha akawa anakung'uta kanzu ambayo haikuwa na kitu.

"Siku hizi mifuko mnaipitishia wapi?"

Ningeweza kumpunguzia maneno. Nilifikiri kufanya hivyo. Mama Magesa alinitangulia.

"Inakuja kwangu moja kwa moja, baba. Na yeye ananipigiaga mwenyewe. Akiona mchanga, ananiambia mchanga."

Fundi aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Nilimwonea uchungu, kwa sababu tulikuwa tumemwendea mtu mpweke na kumthibitishia kilichomtisha maisha yake yote. Nikafungua mkoba haraka, nikamwekea mfuko mapajani. Ulikuwa umejaa udaga.

Aliupapasa. "Huu wa nani?"

"Wako, baba."

"Mimi sikuwahi kuwa na mfuko."

Ni kweli, hakuwahi. Nyumba zote za mtaa zilikuwa na mifuko isipokuwa ya kwake. Vidole vyake vilipita juu ya kitambaa, vikarudi, vikasimama.

"Hili ni koti langu la Idi."

"Mabaki yake," nikasema. "Binti yako aliyakuta kwenye sanduku la cherehani, akanitumia."

Kisha vidole vilishuka kwenye mshono wa pembeni, na uso wake ulibadilika kabisa. Ulikuwa ule uso wa barazani.

"Nani ameshona huu upuuzi?"

"Mimi," nikasema.

"Umeshona kwa miguu? Nileteeni beseni. Na mkasi. Na sindano, mtu anitungie uzi."

Unga ulimiminwa kwenye beseni. Kabla hajaanza kufumua, alibana kidogo kwa vidole viwili, akauweka ulimini, akafumba macho ambayo hayakuwa yakiona hata yakifumbuliwa. Tulingoja hukumu. "Umevundika ukaiva," akasema. Kisha akafumua mshono wangu wote na kuushona upya kwa kupapasa, pole pole, akinisema mwanzo mpaka mwisho, huku binti yake akibandika maji ya ugali.

Tulipomaliza kula, nilimuuliza swali lake mwenyewe. "Leo umekula kwa nani, baba?"

Aliukunja ule mfuko mtupu mara mbili, akaupiga pasi kwa kiganja juu ya goti, akanyoosha mkono hewani mpaka Mama Magesa alipoushika.

"Chukua mfuko wangu," akamwambia. "Na usichelewe kurudi, mwanangu. Huku tunakulaga mapema."